Matone Mawili kwenye Geji ya Dada

Naweka dau baiskeli yangu, ile yenye kengele mbili: hakuna hata mmoja wenu atakayeamini kwamba mimi, mwenye mdomo kuliko redio ya kinyozi, niliwahi kukosa sauti. Tena siku yenyewe ndiyo ilikuwa siku ya kusema.

Kwanza mumjue dada yangu. Mtaani wanamwita Povu. Anakata chuma kwa gesi, na popote aendapo anabeba chupa ya maji ya sabuni. Akishaunga mitungi na mipira yake, anapaka povu kila kiungo, anainama, anatazama kama linatoa mapovu, maana gesi ikivuja ndipo inapojitaja. Wanaume wa kazi hiyo walimcheka sana. "Umekuja kukata chuma au kufua?" Wawili kati yao siku hizi hawana nyusi. Dada anazo, na anazitinda.

Alianza kwa kufagia karakana ya mjomba. Mjomba macho yalipochoka akamwachia miwani myeusi, na mume alipoondoka bila kuaga, hiyo miwani ndiyo ikalisha watoto watatu.

Mimi niliacha shule darasa la tano, hasara ikawa ya shule. Natengeneza baiskeli. Hakijazaliwa kitu kilichokwama kikayashinda mafuta yangu: minyororo, makufuli, mpaka mlango wa choo cha jirani.

Sasa asubuhi moja dada anaoga, vifaa vyake viko mezani. Nikashika geji ya oksijeni, ile saa inayofungwa kichwani mwa mtungi kupunguza nguvu ya gesi. Nati yake ngumu, ukiizungusha inalia kwiii. Nikasema ngoja nimfanyie wema. Matone mawili, nikazungusha, nikafuta. Fundi wa kweli haachi alama.

Tukaenda kwa mama mwenye kinu cha kusaga. Shafti, kile chuma kinachozungusha kinu, ilikuwa imegoma kutoka, ikatwe. Dada akasimamisha mitungi miwili, wa oksijeni na wa asetilini, gesi inayowaka, akaifunga mnyororo kwenye nguzo. Akafungua kila mmoja kidogo, pff, vumbi likaruka, akafunga. Mwenye kinu akaja na kopo lake la grisi.

"Fundi, hizo nati si uzipake kidogo zisikusumbue?"

Dada akamrudisha nyuma kama anafukuza kuku. "Mama, peleka mbali hilo! Oksijeni na mafuta havikutani. Tone dogo tu, nikifungua mtungi linawaka lenyewe, bila kiberiti. Geji inanipasukia usoni."

Nikafuta vidole vyangu kwenye suruali.

Akafunga geji ya asetilini kwanza. Nilitaka kusema, ulimi umeganda. Akachukua ile nyingine, akaikaza.

"Eh, leo nati imelainika," akasema. "Hata hailii."

"Dada," nikasema, "usifungue."

"Kwa nini?"

"Nimeitia mafuta."

Mwenye kinu akaangua kicheko. Dada hata hakugeuka. "Kama yule nyoka?"

Jamani, nyoka yule. Mwezi uliopita nilimpigia kelele ya nyoka akiwa kazini, akaruka mpaka kwenye ndoo ya maji. Mtaa mzima ulicheka, mimi nikiongoza.

"Safari hii kweli! Nusa mkono wangu!"

"Mkono wako unanuka mafuta tangu ukiwa na meno ya utoto. Toka hapo, mdogo wangu, nina kazi."

Akasimama ubavuni mwa geji, asiikabili, kama afanyavyo siku zote. Mkono ukaenda kwenye vali. Nikauvamia ule mtungi, nikaukumbatia kama mpenzi aliyerudi, kiganja changu juu ya vali.

"Una wazimu?"

"Ilikuwa inalia kwiii! Umesema mwenyewe hailii! Nani kainyamazisha?"

Hapo akanitazama. Sijui aliona nini, lakini kicheko cha mwenye kinu kilikatika. Dada akafungua nati taratibu, akatoa kitambaa cheupe kisafi, akakizungusha ndani ya uzi wa nati. Kikatoka na mstari wa njano.

Tukautazama wote watatu.

"Si naweza kuifuta?" nikauliza.

"Hii haifutwi. Geji na mtungi vinarudi kwa wenye gesi, wavisafishe wanaojua." Akamgeukia mwenye kinu. "Mama, nisamehe. Leo sikati."

Akakaa juu ya gunia la pumba. Mikono yake, ile inayokata chuma mstari ulionyooka kuliko rula, akaificha kwapani. Nikatafuta mzaha wowote. Sikupata hata wa kuazima.

"Wale watoto," akasema, "leo wangerudi shuleni wamkute nani?"

Nikaokota kile kitambaa, nikakikunja mstari wa njano ukiwa ndani.

"Nilipomfukuza huyu mama na grisi yake, ulikuwa umesimama hapo hapo. Mbona ulingoja mpaka nimefunga zote mbili?"

Nikamwambia sikusikia, kinu cha jirani kilikuwa kinanguruma.

Mafuta nilitia kwa kutojua, hayo sijilaumu sana. Lakini pale nilikosea. Nilisikia kila neno. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kuchekwa.