Minyaa Iliyojiotea

Mbuke, mama yake Masele, hakuwa mtu wa kuulizwa swali akajibu. Ukimuuliza kama kwake mvua imenyesha, kwanza atakutazama miguuni aone kama una tope, kisha akuulize unataka kujua ili iweje. Majirani wa Ibadakuli walimcheka, ila hawakumlaumu. Mwaka 1953 alipita kijana mmoja wa serikali mwenye maneno matamu, akaulizia ng'ombe wa kila kaya, watu wakamtajia. Haikuchukua muda ikatoka amri ya kupunguza mifugo, na fahali aliyeachwa na marehemu mumewe akaenda mnadani kwa bei ya kutupa. Tangu hapo Mbuke akaapa kwamba mtu wa serikali hatapata neno kinywani mwake.

Alichobaki nacho ni ng'ombe wachache na ngitili, yale malisho yanayofungwa wakati wa mvua, asiingie hata mbuzi, ili kiangazi kikikaza mifugo ipate cha kutia mdomoni. Mgeni akipita masika ataona pori tu. Mumewe ndiye aliyeizungushia ua wa minyaa kwa mikono yake. Bila ngitili ile ng'ombe wasingevuka kiangazi hata kimoja, na bila ng'ombe Masele, aliyekuwa akichimba dhahabu Geita, angeoa kwa mahari gani?

Mwaka 1954 mji wa Shinyanga ulianza kunenepa. Kamati ya mji ikachora ramani: hapa maduka, pale nyumba za makarani, na kule Ibadakuli, penye majani marefu, wakaandika kwamba ni mahali patupu, panafaa maghala ya pamba. Lakini ramani hiyo isingefanya kazi mpaka wakubwa wa jimbo, kule Mwanza, waipitie. Wakamtuma mzungu mmoja aje kuona kwa macho yake.

Habari zake zilimfikia Mbuke kisimani. "Anaulizia nani analisha wapi," wanawake wenzake walisema. Hakungoja kusikia zaidi. Aliwaswaga ng'ombe wote hadi kwa kaka yake, Usanda, akarudi akafagia zizi, hata mavi akayazoa.

Mzungu alikuja na karani wa ofisi ya wilaya pale Shinyanga aliyemtafsiria, Gregory, kijana mpole wa Bukoba.

"Shikamoo, Mama Masele."

"Marahaba," alijibu, macho yakiwa kwenye buti za mzungu.

"Bwana anauliza, yale majani ni ya nani?"

"Ya Mungu."

"Na ng'ombe wanaolishwa pale?"

"Ng'ombe gani? Mjane kama mimi nitoe wapi ng'ombe?"

Gregory akashusha sauti. "Mama, sema kweli tu. Huyu hakutumwa na watu wa mji. Amekuja kuwakagua wao. Akikuta mahali pana mwenyewe, ramani inarudishwa ichorwe upya."

Maneno matamu hayo! Mbuke aliogopa kwelikweli. Hata yule wa mwaka jana alianza hivihivi, kwa kumwita mama. Akakaza khanga kiunoni, akawaambia kama hawaamini wakatazame zizi. Mzungu akatazama. Lilikuwa safi kama sebule ya harusi. Akaenda akasimama penye ua, akauliza nani aliipanda minyaa ile.

"Imejiotea," Mbuke alisema.

Mzungu akamtazama kwa muda, kisha akapanda gari. Siku ile Mbuke alijiona mjanja kuliko Shinyanga nzima, na alicheka peke yake akisonga ugali.

Kiangazi kilipokaza, jibu likaja kutoka Mwanza: ramani imepita kama ilivyo. Vibarua wakaleta vigingi, wakaanza kukata minyaa. Mbuke akakimbia ofisini kwa Gregory, akamweleza yote, la zizi na la Usanda.

"Mama, nilimtafsiria neno kwa neno," Gregory alisema kwa huzuni. "Hakukuamini hata kidogo. Alingoja useme neno moja tu, kwamba ni pako; bila hilo hangeweza kuirudisha ramani."

Usanda nako majani yaliisha, kaka yake akawarudisha ng'ombe. Hawakwenda zizini. Waliijua njia yao, wakaelekea moja kwa moja kwenye ngitili, na vibarua wakawapokea kwa fimbo.

"Waacheni!" Mbuke alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Huyo mwekundu ni wangu! Huyo wa pembe iliyopinda ni wangu! Wote wangu! Na minyaa hiyo aliipanda mume wangu!"

Aliwataja wote, mmoja mmoja, asiache hata ndama. Vibarua walimsikiliza kidogo, kisha wakainama tena kupigilia vigingi.