Neno Lililotupwa Takatakani

Nilikuwa kwenye ofisi moja hapa Homa Bay nikingoja muhuri, na karani alikuwa amemwita fundi wa kompyuta. Barua pepe ya bosi ilikuwa imewafikia wenzake wote, ila yeye karani hajaiona.

"Madam, kuna sheria uliweka hapa," fundi akasema. "Barua yoyote yenye neno mazishi inaenda takataka moja kwa moja."

"Ni mimi. Kila wiki kamati ya mazishi, kila wiki mchango! Ningefanyaje?"

Tulicheka sote, maana nani huku hajachoka? Fundi akafungua takataka. Ya bosi ilikuwepo, ruhusa ya kwenda kumzika mwenzao. Chini yake kulikuwa na barua nyingi za mtu mmoja, zote zikianza hivi: "Dada, nisamehe nilikosa mazishi ya mama."

Karani akajishika mdomo. "Ndugu yangu, yuko ng'ambo. Nilidhani ametusahau."

Ya mwisho aliisoma polepole: "Kama hutaki kunijibu, naelewa."

"Nitoe hii sheria?" fundi akauliza. "Lakini za kamati zitajaa."

"Wacha zijae," akasema, na tayari alikuwa anaandika.

Muhuri wangu niliupata kesho yake. Mimi, ninayelalamikia foleni kila wiki kwenye safu hii ya gazeti, leo sina neno.