Bujie ine ya moto

Leo mi na yaya, dada yangu mukubwa, hatusemezani.

Ile motokari yangu ya zamani ya mbio, karabirateri yake inamwanga esanse ya petroli mingi, babujie ya motere, zile za kutoa cheche, inakuwa nyeusi. Fundi akasema: tafuta bujie ya moto, ile inachoma masizi, ya baridi haitaweza.

Yaya alikuwa Kolwezi. Nikamuandikia: "Yaya, uniletee bujie ine ya moto. Jumamosi tunabeba bibi arusi."

Leo amefika Kasaji. Nafungua sashe yake ya plastiki: mishumaa ine, nayo tunaita bujie, ya kuwasha kama kura ya umeme inakatika.

"Yaya, na hii?"

"Si bujie? Moto utawasha mwenyewe. Na kibiriti nimeleta."

Nasoma tena mesaji yangu. Kweli, sikuandika motokari.

Mwenye kucheka, acheke. Lakini Jumamosi aje kusukuma.