Barua ya Benki Iliyomfikia Baba Kule Karuba

Baba aliuza ng'ombe wake wote kwa uchungu. Wizi wa mifugo ulikuwa umezidi kwenye milima ya Karuba, basi akaona pesa zingekaa salama zaidi katika benki ya Goma. Kaka yangu alimnunulia simu, akamfungulia anwani ya barua pepe, na benki ikawa inamwandikia huko.

Asubuhi moja nilimkuta ameketi mlangoni, miwani puani, anabonyeza simu polepole.

"Papa, unaandika nini?"

"Banki njo inaniuliza. Banasema konti yangu itafungwa leo kama sitatuma kode yangu ya siri."

Nikachukua simu. Alama ya benki ilikuwa pale juu, na rangi zake zilezile. Lakini barua ilimwita "mteja mpendwa" tu, wakati benki huandika jina lake. Anwani iliyoituma nayo ilikuwa herufi za ovyo ovyo, zisizo na jina la benki.

"Papa, hii haitoke ku banki. Ulishatuma?"

"Nilishatuma sasa hivi, mama." Ndivyo anavyoniita mimi bintiye. "Nilizani ni bale batu ba heshima ba ku bureau ya banki."

Tulipanda mlima, mahali ambapo sauti ya simu haikatiki, tukapiga simu benki. Mwanamke aliyepokea aliuliza namba ya akaunti, akaitazama, kisha akasema kwa upole, "Papa, konti iko wazi, hamuna tena kitu ndani. Bezi balishatosha feza yote mule. Sisi hatuulizake mutu kode yake, hata siku moya."

Baba hakulia. Alikaa kwenye majani akitazama bonde.

"Afazali bangeiba ngombe," alisema. "Ningefuata nyayo."



Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alisimama mbele ya majirani akawaeleza yote, hata pale alipodanganyika. Wengine waliinamisha vichwa. Vijana wawili walicheka, naye akaendelea kusema.

Baadaye jirani yetu anayeuza maziwa alipata barua kama ile. Hakuijibu, aliifuta. Alikuja kwetu na kibuyu cha maziwa.

"Aksanti, Papa. Bila wewe, na mimi ningetuma."

Baba alikipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akamuuliza habari za watoto wake. Jirani alipoondoka, Baba alitumiminia maziwa sisi wote. Yeye hakunywa; alikuwa akitazama zizi lake tupu.