Video ya Soko la Miraa

Ninakiri bila kujitetea: habari ikitoka, lazima niwe wa kwanza kuisambaza. Simu yangu haitulii, na mimi pia situlii.

Jumanne asubuhi, hapa kwetu Mikinduri, niliona video ya kiongozi akitangazia umati kwamba soko la miraa la ng'ambo limefunguliwa. Sikuitazama hadi mwisho. Niliituma kwa grupu ya wakulima, nikakimbia shambani kumwambia baba, "Kata yote leo! Ndege zinapakia kesho."

Baba na majirani walikata hadi jioni. Mimi nilizunguka kati yao nikipewa mikono kama mwaniaji kiti.

Kesho yake hakuna mnunuzi aliyefika. Mabunda yakaanza kunyauka uani, na watu wote wakanigeukia. Nikawafungulia ile video. "Jioneeni wenyewe, ni ya jana!"

Nyanya, ambaye macho yake yamepungua nguvu, aliisogeza simu hadi puani.

"Hebu simamisha hapo," akasema. "Huyu mtoto wa kaptura anayepiga makofi, si ni wewe?"

Niliangalia. Nilikuwa mimi, enzi zile nikiwa darasa la sita.