Nyanya Alipoketi Darasa la Fizikia

Wiki jana nilikwenda Marungu kumzika jirani yetu wa zamani. Baada ya mazishi, miguu ikanipeleka yenyewe hadi shule niliyosomea. Chumba chetu cha fizikia kimebomolewa. Umebaki msingi tu, na mbuzi wanaota jua juu yake. Nilisimama pale peke yangu, rafiki yangu, hata waliokuja nami wakaanza kuniita.

Wazazi wangu walifanya kazi Mombasa, mimi nikalelewa na nyanya. Mwaka niliposoma kidato cha tatu mvua ilikataa, na ndovu wakamaliza kile kidogo kilichoota. Familia nyingi zilihamia Voi mjini. Wenzangu waliobaki wakachagua masomo mengine, na fizikia nikaichagua peke yangu.

Mwalimu mkuu alisema mwanafunzi mmoja si darasa. Mwalimu wa fizikia alikuwa kijana aliyetoka pande za Busia, na jioni ungemwona ameketi mlangoni pake na redio, hana wa kuzungumza naye. Akasema, "Basi nitamfundisha saa kumi, wengine wakishaenda." Alikubaliwa, mradi nyanya aridhie.

Nyanya hakuridhia. "Msichana na kijana, chumba kimoja, shule tupu? La."

Nililia jikoni, moshi ukanisaidia kuficha. Asubuhi aliponipa uji akasema, bila kunitazama, "Mwambie mwalimu nitakuja."

Na akaja. Aliketi dawati la nyuma, leso mabegani, ungo wa mbaazi mapajani. Mwalimu akamwamkia, kisha akafundisha kana kwamba chumba kimejaa. Sauti yake iligonga kuta ikarudi, na katikati yake nikasikia mbaazi zikidondoka ungoni. Sijui kama umewahi kusoma hivyo, kila swali likawa lako. Nikikosea, hakukuwa na wa kunicheka. Nikipata, hakukuwa na wa kumgeukia ila yule mama mzee asiyejua tunasema nini.

Siku moja mwalimu aliazima betri ya gari. Alitoboa kadibodi, akapitisha waya wa shaba wima katikati, akanyunyiza unga wa chuma aliouomba kwa fundi wa kuchomelea mageti mjini Voi. Alipounganisha waya na betri akaniambia, "Gonga kadibodi, polepole."

Nikagonga. Ule unga ukajipanga duara, duara ndani ya duara, kuuzunguka waya.

"Sasa fanya kama unaushika waya kwa mkono wa kulia," akasema. "Kidole gumba kielekee mkondo wa umeme unakoenda. Vile vidole vingine vinavyojikunja, ndivyo uga wa sumaku, ile nguvu iliyopanga unga, unavyozunguka."

Nilipoinua macho, nyanya alikuwa amesimama kando yangu.

"Ni nani amechora hiyo?"

"Hakuna mtu, nyanya. Ni umeme unaopita kwa waya."

"Na ukikata?"

Mwalimu akachomoa waya upesi, maana ulishaanza kupata moto. Akanyunyiza unga mpya, nikagonga tena. Mara hii ulitawanyika ovyo tu. Nyanya aliutazama muda mrefu, kisha akarudi kwa mbaazi zake.

Njiani, tukipita mashamba yaliyokanyagwa, akasema, "Babu yako alipokufa, nyumba ilikuwa kama ule unga bila umeme."

Alikuja hivyo mpaka nikamaliza shule. Siku za mwisho miguu yake ilikuwa imevimba, tukawa tunapumzika kila mahali penye kivuli. Fizikia nilipita vizuri. Mwalimu alipata uhamisho wa kurudi kwao. Tulipigiana simu kwa muda, kisha nambari yake ikaacha kupatikana. Nyanya alifariki nikiwa chuo kikuu, hakuniona nikishika chaki.

Siku hizi nafundisha Voi. Darasa langu limejaa hadi wengine wanabanana dawati moja, na tukifika somo la mkondo na sumaku kelele zao zinasikika hadi ofisini. Huwa nawaacha wapige kelele. Muhula huu msichana mmoja aliniuliza nilisoma wapi.

"Marungu."

"Darasani mlikuwa wangapi, mwalimu?"

"Watatu," nikamwambia.

Akaniuliza kama hao wengine bado naonana nao. Nikageukia ubao, nikafuta palipokuwa pameshafutwa.