Sindano kwa Kuku wa Harusi

Mke wa shemeji yangu aliolewa hapa Kilangali miaka saba baada yangu, na kila asubuhi alinipa shikamoo kwa adabu mpaka nikakosa pa kumshikia. Kuku wake ndio walionitia wazimu. Walikuwa wanono, wanataga, na mama mkwe wetu akipita uani alisimama upande wake akiwatazama kwa raha. Wangu aliwapita tu.

Mama mkwe akatangaza kwamba kuku wa harusi ya mwanawe wa mwisho watatoka kwa mmoja wetu, yule atakayekuwa na kuku wazuri zaidi. Sikulala kwa kutaka wawe wangu.

Harusi ikiwa imekaribia, kuku wa pande zote mbili wakaanza kuzubaa na kuharisha. Mwenzangu alikwenda Dumila akaleta pakiti moja ya dawa ya unga, akanigawia nusu.

"Dada, muuzaji kasema tuwachanganyie kwenye maji wanywe."

Tulichota ndoo moja kwenye kisima cha wazi ambacho hata mbuzi hunywa maji yake. Yeye akawawekea kuku wake kwenye beseni. Mimi nikajiambia, kule zahanati nani asiyejua kwamba sindano inashinda vidonge? Nilikuwa na bomba la sindano kuukuu. Nikakoroga unga wangu kwenye maji yale yale, nikawachoma wangu kifuani, mmoja mmoja, wote kumi na wanne. Nilitaka wapone kabla ya wake.

Kesho yake jioni tisa walikuwa wamekufa, na keshokutwa hakubaki hata mmoja. Wake walikuwa wanachakura uani. Wivu ukanipanda kichwani, nikasema kwa sauti, mama mkwe akisikia, kwamba nusu pakiti yangu ilitiwa kitu. Mwenzangu aliinamisha macho.

Mama mkwe akamwita bwana mifugo. Alimpasua mmoja mbele yetu sote. Nyama ya kifua ilikuwa nyeusi, inanuka.

"Mama, hawa uliwapaje dawa?"

Nikamwonyesha sindano.

"Maji ya kisima hiki yana vijidudu," alisema. "Kuku akivinywa, vingi vinafia tumboni, na vinavyobaki utumbo unapambana navyo. Wewe umeviingiza moja kwa moja kwenye nyama na damu. Wa mwenzako wamekunywa maji hayo hayo, na wako hai."

Mama mkwe alinitazama, kisha akaingia ndani. Laiti angenitukana.

Jioni mwenzangu alikuja mlangoni kwangu na matetea saba, amewafunga miguu.

"Shikamoo dada. Hawa peleka wewe. Tutasema tumetoa sote wawili."

Niliwapokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante. Alipogeuka kuondoka nilimwonea wivu kuliko siku zote, maana ingekuwa mimi, nisingempa hata yai.